Mkataba wa kusomeshwa ubingwa na kurudi kuitumikia hospitali miaka 6: niutie saini au nisubiri?

Daktari wa Nyanda ameuliza:

Wanajukwaa, habari za kazi. Mimi ni daktari wa tiba mwenye usajili kamili wa Baraza la Madaktari Tanganyika, na huu ni mwaka wangu wa nne tangu nimalize utarajali, yaani mafunzo ya vitendo baada ya shahada. Nafanya kazi katika hospitali ya taasisi ya dini huku Nyanda za Juu Kusini, ambayo ndiyo hospitali teule ya wilaya. Mwezi uliopita uongozi uliniita ukanieleza kwamba imepatikana nafasi ya kumsomesha daktari mmoja ubingwa wa magonjwa ya wanawake na uzazi, na kwamba jina lililopitishwa ni langu.

Masomo ni ya miaka 3. Hospitali italipa ada yote na kunipa nusu ya mshahara kwa muda wote nitakaokuwa chuoni. Malazi, chakula na nauli ni juu yangu. Nikihitimu nitarudi kuitumikia hospitali hii kwa miaka 6. Rasimu ya mkataba niliyopewa ina kurasa 4, na kati ya hizo tatu na nusu zinaeleza wajibu wangu. Ibara ya 9 inasema kwamba nikiacha kazi kabla ya muda huo kwisha, "kwa sababu yoyote ile", nitarejesha mara mbili ya gharama zote zilizotumika, kwa mkupuo mmoja, ndani ya siku 30. Ibara ya 10 inataka vyeti vyangu halisi, cha shahada ya kwanza na hicho cha ubingwa nitakachopata, vihifadhiwe katika kasiki ya hospitali hadi nitakapomaliza. Ibara ya 11 inataka wadhamini 2 wenye mali isiyohamishika. Baba yangu mdogo amekwisha kukubali kuweka hati ya kiwanja chake cha Makambako, kiwanja ambacho ameshakichimbia msingi na kukusanyia matofali, na hilo ndilo linaloninyima usingizi kuliko hiyo miaka 6.

Kusema kweli, ubingwa huu nautaka. Bingwa wa karibu yuko umbali wa saa 3 kwa gari la wagonjwa wakati wa kiangazi, na wakati wa masika hakuna dereva anayekuahidi saa ya kufika. Kwa upande mwingine nina miaka 30, mchumba wangu ni mwalimu wa serikali mkoani Dodoma, na wenzangu niliosoma nao wananiambia nivute subira mpaka ajira za serikali zitangazwe au niombe ufadhili wa Wizara. Je, miaka 6 kwa masomo ya miaka 3 ni haki? Na je, mkataba wa namna hii unajadilika, au ukishaletewa ni ama unatia saini ama unakataa?

Mzee wa Wodi Namba 3 amejibu:

Binti yangu, marahaba hata kabla hujaniamkia. Nimestaafu nikiwa bingwa wa fani hiyo hiyo unayoitaka, na nilisomeshwa kwa mkataba wa miaka 5 na hospitali moja ya Kanda ya Ziwa ambayo sitaitaja. Niliimaliza yote 5 nikaongeza mingine 4 kwa hiari yangu, kwa hiyo usinisome kama mtu mwenye kinyongo na mikataba.

Watu wakiletewa karatasi ya aina hii huhesabu miaka. Mimi nakushauri uanze kwa kuhesabu watu. Niliporudi na cheti changu nilikuta chumba cha upasuaji kimepakwa rangi mpya, kitanda kipya kimewekwa, na mganga mfawidhi akanikaribisha kwa hotuba. Wiki ya tano mtaalamu wetu pekee wa usingizi, muuguzi aliyekuwa amesomea kazi hiyo kwa mwaka mmoja, alipata ajira serikalini akatuaga. Kuanzia siku hiyo nikawa bingwa wa kuandika rufaa. Kwa miezi 7 nilifanya upasuaji wa kujifungua kwa ganzi ya uti wa mgongo niliyoichoma mwenyewe, kisha nikavua glavu, nikanawa upya na kushika kisu, huku muuguzi wa zamu akinisomea presha na mapigo ya moyo kwa sauti kutoka upande wa kichwa cha mgonjwa. Mama akianza kutapika unasimama, unamtazama, unangoja, unaendelea. Upasuaji wa kuondoa kizazi, wa fistula, wa uvimbe, yaani yale yote niliyokwenda kuyasomea miaka 3, niliyaweka kando kwa sababu yanataka mgonjwa alazwe usingizi kamili na mtu wa kumlinda. Mkono wa mpasuaji husahau, na wa bingwa mpya husahau upesi zaidi kwa kuwa haujazoea.

Kwa hiyo kabla hujatia saini, chukua daftari upite hospitalini kwako kana kwamba wewe ni mgeni. Wahudumu wa usingizi ni wangapi na mkubwa wao ana umri gani? Damu ikihitajika usiku wa Jumapili inatoka wapi, na inafika baada ya muda gani? Oksijeni je? Umeme ukikatika, jenereta inawashwa na nani na mafuta yanatolewa kwa saini ya nani? Usicheke hilo la saini ya mafuta. Nimewahi kushona jeraha kwa mwanga wa simu ya mlinzi kwa sababu aliyepaswa kusaini alikuwa msibani.

Kisha tazama zamu. Bingwa akiwa mmoja, hana zamu, kwa maana kila siku ni yake. Mimi niliomba, na nikaandikiwa kwenye mkataba, siku 7 za mapumziko kila baada ya miezi 3, na katika siku hizo rufaa zote ziende mkoani bila mtu kunipigia simu. Bila kipengele hicho nisingefika hata mwaka wa pili.

Jambo jingine ambalo umelipita bila kulisema: ukirudi utalipwa mshahara wa bingwa au wa daktari wa tiba? Kama ni wa bingwa, kuanzia lini? Nawafahamu watu wawili waliorudi wakaambiwa kwamba bajeti ya mwaka huo ilikwisha kupitishwa, basi wasubiri. Walisubiri miezi 14.

Kuhusu haki, naona miaka 6 kwa 3 ni mingi, ingawa si ya kustaajabisha. Ningepigania ishuke hadi 4 au 5, lakini kama ningelazimishwa kuchagua, ningekubali 6 yenye watu wa usingizi wawili kuliko 3 isiyo na hata mmoja.

Kipepeo Mweusi amejibu:

Ningekuwa wewe nisingesaini. Serikalini mafao yako yanakwenda PSSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa watumishi wa umma, kazi ni ya kudumu, na ukiolewa unaweza kuomba uhamisho umfuate mwenzako, ingawa nakiri kwamba uhamisho wenyewe hauji kwa kuomba mara moja. Katika hospitali ya taasisi miaka 6 ni ya kukaa mahali pamoja bila kujali ndoa, watoto wala mzazi anayeumwa. Ongeza na ile mitatu ya chuo, unafika miaka 39 ndipo unakuwa huru kuchagua pa kuishi. Hospitali inanunua ujana wako kwa ada na nusu ya mshahara, na hiyo ni bei ya chini.

Katibu wa Afya amejibu:

Nimekuwa Katibu wa Afya katika hospitali ya aina hiyo kwa miaka 12, na mikataba kama huo nimeiandika mwenyewe, ibara ya vyeti ikiwamo, kwa hiyo mtanisamehe nikizungumza kutoka upande wa pili wa meza.

Kwanza nimrekebishe kidogo ndugu Kipepeo. Hata mtumishi wa umma anayesomeshwa na mwajiri wake hutarajiwa kurudi na kutumikia. Tofauti ni kwamba mwajiri wake ni mkubwa na ana vituo vingi. Sisi tuna kituo kimoja. Fedha zetu zinatokana na malipo ya wagonjwa, bima, ruzuku inayopitia halmashauri na wafadhili wachache wa nje ambao kila mwaka wanapungua. Tukimsomesha daktari mmoja tunalipa ada, tunalipa nusu ya mshahara wake, na tunatafuta daktari mwingine wa kushika nafasi yake wodini. Hiyo gharama ya tatu huwa haionekani kwenye mkataba, na ndiyo inayotuumiza.

Pili, mjue tunaogopa nini. Ajira za serikali zikitangazwa, hospitali za dini hupoteza watu wengi zaidi kwa wiki chache kuliko zilivyopoteza kwa mwaka mzima, tena huondoka waliokwiva. Mwaka mmoja bingwa wetu alihitimu Novemba, tukamfanyia sherehe, na Januari tukalisoma jina lake kwenye orodha ya walioitwa kazini serikalini, orodha ambayo muuguzi mmoja alikuwa amerushiwa kwenye simu. Yeye mwenyewe alikuja kuaga baada ya siku 2. Bodi ikaniagiza niandike "mara mbili". Sikuiandika kwa kutafuta faida. Niliiandika kwa hasira, na sasa nakubali kwamba hasira haitungi ibara nzuri.

Ibara ya vyeti ni kazi bure. Anayetaka kuondoka ataondoka, na mwajiri mpya atathibitisha usajili wake kwenye Baraza bila kukiona hicho cheti kilichomo kasikini. Iombe iondolewe, toa nakala zilizothibitishwa, na ukiona wanang'ang'ania ujue kuna jambo jingine.

Ninachoweza kukuambia kwa uzoefu ni mahali palipo na nafasi ya kujadili. Idadi ya miaka huwa imepitishwa na bodi, hivyo kuishusha kunataka kikao, na kikao kinataka miezi. Mshahara ni mgumu kuupandisha juu ya kiwango kwa sababu kesho bingwa mwingine atauliza wake. Lakini nyumba ya kuishi, namna deni linavyopungua mwaka hadi mwaka, muda wa kulipa, wadhamini na likizo, hayo yote mganga mfawidhi na katibu wake wanaweza kuyabadilisha kabla ya chai ya saa 4. Rasimu ni rasimu. Katika miaka yangu 12 madaktari 9 wametia saini mbele yangu, na ni 2 tu waliouliza swali.

Wakili wa Pembezoni amejibu:

Daktari, nitajibu kwa jumla kwa sababu mkataba wenyewe sijauona. Mpelekee wakili aliye karibu nawe aupitie ibara kwa ibara kabla hujatia saini.

Hakuna mahakama itakayokuamuru ubaki wodini. Ibara ya 25 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inakataza kazi ya shuruti, na sheria ya mikataba haina desturi ya kumlazimisha mtu kumtumikia mwenzake kwa mwili wake. Kinachobaki ni fedha, na hapo ndipo penye kifungu cha 74 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345. Mkataba unapotaja kiasi cha kulipwa endapo utavunjwa, aliyevunjiwa anastahili fidia ya haki isiyozidi kiasi hicho. Kwa maneno mengine, ile "mara mbili" ni dari tu. Anayedai bado atapimiwa kilicho cha haki. Usiitegemee sana hoja hiyo, hata hivyo, kwa sababu kuifikia kunapitia kesi, na kesi inakula muda na fedha ambazo daktari aliyehama kituo hana.

Maneno yanayonitia wasiwasi ni "kwa sababu yoyote ile". Kwa tafsiri ya mwajiri mkali, yanajumuisha ugonjwa unaokuzuia kufanya upasuaji, kupunguzwa kazini bila kosa lako, na hata wewe kuondoka baada ya kukaa miezi kadhaa bila mshahara. Pendekeza yatenguliwe na kuandikwa waziwazi kwamba deni halitakuwapo iwapo hospitali ndiyo iliyokuachisha kazi bila kosa, iwapo imeshindwa kukulipa kwa miezi 3 mfululizo, au iwapo umefariki au umepata ulemavu. Hilo la kufariki msilione ni uchuro: bila kuandikwa, deni linaweza kumfuata mdhamini hata baada ya mazishi.

Na kuhusu mdhamini, nawasihi baba na binti wasome polepole. Wajibu wa mdhamini kisheria unalingana na wa mdaiwa mwenyewe isipokuwa mkataba useme vinginevyo, na mdai si lazima aanze kwa mdaiwa. Kwa hiyo iandikwe kwamba dhamana ina ukomo wa kiasi fulani kilichotajwa kwa tarakimu, kwamba kiasi hicho kinapungua kadiri unavyotumikia, na kwamba hospitali itamdai kwanza daktari. Kukabidhi hati ni hatua nzito zaidi ya kutia saini ya udhamini. Mama mdogo je, ameulizwa? Kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzi hakukubaliki, na kiwanja kilichochimbiwa msingi wa nyumba ya familia kiko jirani sana na hapo.

Mwisho, angalia saa inaanza kuhesabu lini. Matokeo yakitoka Agosti, ukaripoti Septemba, na usajili wa ubingwa ukakamilika mwezi mwingine baadaye, miaka 6 inaanzia wapi? Ukifeli somo ukarudia, ada ya nyongeza ni ya nani? Likizo ya uzazi kwa sheria ya kazi ni siku 84, au 100 ukijifungua pacha. Iandikwe kwamba siku hizo ni sehemu ya utumishi, maana nimewahi kuona mwajiri akizitoa.

Mkaazi wa Magharibi amejibu:

Hamjambo nyote. Mimi naandika kutoka magharibi mwa Kenya, ambako tangu ugatuzi wa mwaka 2013 mwajiri wa daktari wa hospitali za umma ni serikali ya kaunti. Mke wangu ni daktari. Kaunti yake ilimpa likizo ya masomo yenye mshahara, naye akatia saini bondi ya kurudi kuhudumu kwa miaka 3.

Yaliyotupata ni mawili. Alipokuwa katika mwaka wa kwanza wa kulipa bondi ulitokea mgomo wa madaktari ulioanza Desemba 2016 na kwisha Machi 2017, siku 100. Mgomo ulipokwisha, ofisi ya wafanyakazi ikamwandikia barua kwamba siku hizo 100 hazihesabiwi, kwa hiyo bondi yake imesogezwa mbele. Bondi yenyewe haikuwa na neno hata moja kuhusu mgomo. Wakili aliyetangulia amesema kweli: kisichoandikwa hutafsiriwa na mwenye muhuri.

La pili ni la nyumbani. Mimi nilikuwa kaunti nyingine, na kuhama kutoka kaunti moja kwenda nyingine si uhamisho kama ule wa zamani, kwa sababu waajiri ni wawili tofauti. Mmoja akuachilie, mwingine akukubali. Aliye na bondi haachiliwi. Tukaishi miaka 3 na zaidi tukionana mwisho wa mwezi, na mtoto wetu wa kwanza alijifunza kuniita "mgeni" kabla hajaniita baba. Sisemi usisaini, dada. Nasema huyo mwalimu wa Dodoma naye asome zile kurasa 4, kwa kuwa mtakaozitumikia ni wawili. Na kwa mujibu wa mpangilio wenu, mwenye mwajiri anayeweza kumhamisha ni yeye, kwa hiyo labda ndoa hii iangalie upande wa kusini.

Msomaji wa Sera amejibu:

Niongeze kidogo kuhusu ulinganisho, kwa kuwa muuliza swali ametaka kujua kama 6 kwa 3 ni haki. Huko Japani kuna Chuo Kikuu cha Tiba cha Jichi, kilichofunguliwa mwaka 1972 kwa ajili hiyo hasa: kila mkoa hupeleka vijana wake wachache, wanasoma miaka 6 kwa mkopo, na wakirudi mkoani kwao kutumikia miaka 9, sehemu kubwa ikiwa mashambani na visiwani, mkopo unafutwa. Hiyo ni mara moja na nusu ya muda wa masomo, tena kwa mtu aliyegharimiwa tangu shahada ya kwanza. Wewe umeombwa mara mbili, na shahada ya kwanza ulijisomesha au ulikopa Bodi ya Mikopo.

Thailand wamefuata njia ya faini tangu mwishoni mwa miaka ya 1960: daktari mhitimu hutumikia serikali miaka 3 au hulipa faini, ambayo kwa muda mrefu ilikuwa baht 400,000. Hospitali binafsi za mijini ziliponona, kiasi hicho kikawa chepesi, na wapo waliolipa wakaenda zao. Zambia iligeuza mambo mwaka 2003: daktari alikwenda kwanza kijijini kwa mkataba wa miaka 3 wenye posho na marupurupu, na akimaliza ndipo alipopewa msaada wa kusomea ubingwa. Hapo ndipo ningekushauri uingize hoja yako, kwa sababu wewe miaka 3 ya kwanza umekwisha kuitumikia hospitali hiyo bila mtu kukuahidi kitu. Iombe ihesabiwe, hata kama ni nusu yake.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2010 unasisitiza kuwachukua masomoni watu waliotoka mashambani, kwa kuwa ndio wanaoelekea zaidi kubaki huko. Kama kwenu ni Makambako, basi hospitali yako inajua inachokifanya.

Daktari wa Nyanda amerejea:

Shikamoo Mzee, na ninawashukuru wote. Nilichapisha majibu yenu, nikayapigia mstari, na juzi nikaenda kwa katibu wetu pamoja na mchumba wangu aliyekuja likizo. Kikao kilichukua saa 2.

Tuliyokubaliana ni haya. Vyeti nitabaki navyo, watachukua nakala. "Mara mbili" imeondoka. Nitadaiwa gharama halisi, na zitapungua kwa sehemu moja ya sita kila mwaka nitakaoumaliza. Nitapewa miezi 24 ya kulipa badala ya siku 30. Mdhamini atakuwa mmoja, kwa saini tu na kwa kiasi kilichotajwa, na hati ya kiwanja imerudi Makambako jana kwa basi la asubuhi. Mama mdogo alikuwa hajui kama imewahi kutoka. Mshahara wa bingwa utaanza mwezi nitakaosajiliwa. Miaka 6 imebaki 6. Nilipotaja kwamba nimekwisha kutumikia miaka 3, mganga mfawidhi alitabasamu akasema kwamba miaka hiyo nililipwa.

Lakini nililifuata pia lile daftari la Mzee. Wahudumu wetu wa usingizi ni 2, na mmoja wao anastaafu baada ya miaka 2, yaani kabla sijarudi. Huyo atakayebaki ameomba ajira serikalini mara mbili, na kila mtu hapa anajua. Nikaomba muuguzi mmoja apelekwe kusomea usingizi wakati mimi nikiwa chuoni, na iandikwe mkatabani. Katibu akasema bajeti ya mafunzo ni ya mtu mmoja kwa mwaka, na mtu huyo ni mimi. Natakiwa kujibu tarehe 15.

Mzee wa Wodi Namba 3 amejibu:

Kozi hiyo ni ya mwaka mmoja, na wewe utakuwa nje kwa miaka 3. Ikiwa bajeti ni ya kumpeleka mtu mmoja kwa mwaka, ya mwaka huu ni yako, na ya mwaka wako wa pili inaweza kuwa ya muuguzi. Usiombe aende sasa. Omba iandikwe kwamba atakwenda katika mwaka wako wa pili, na jina lake liwekwe. Wakiandika "mtumishi mmoja" bila jina, huyo mtumishi hatapatikana kamwe. Lakini kabla hujapeleka jina la mtu mezani, muulize mwenyewe kama anataka.

Daktari wa Nyanda amejibu:

Nimemuuliza leo tukiwa zamu ya mchana, tukisubiri damu. Anataka, tena sana. Ila kabla sijamaliza kumweleza, ameniuliza mkataba wake utakuwa wa miaka mingapi.